Mimi Sipingi Maendeleo, Ila

Minneapolis, Marekani
Mwezi wa tatu, theluji bado imelala

Kwa Mama, Baba Mdogo, Shangazi na wote mlioko hapo nyumbani Matogoro, Songea,

  Mimi huku ni mzima wa afya, ukiondoa masikio, ambayo leo alfajiri niliyasahau nje ya kofia nikisubiri basi na mpaka sasa yananidai fidia. Nimeandika badala ya kutuma sauti kwa sababu Baba Mdogo amelalamika kwamba sauti zangu zinamaliza bando kabla sijafika kwenye habari yenyewe. Basi hii ni ya kusoma. Asome yeye, kwa sauti, na asiruke mistari kama alivyoruka ile barua ya mwaka juzi alipofika penye habari za saruji.

Habari yenyewe ni kwamba nimekuwa mtu wa mikutano.

Ilianza Januari ya mwaka jana. Nilikuwa natoka kazini, kule ninakotunza wazee, basi likanipita, na hewa ilikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Mama, ile baridi ya Songea ya mwezi wa saba, ya kuvaa sweta mbili na kugombania kigoda karibu na moto, huku ni siku nzuri ya kuosha gari. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kanisa lenye taa, na mlangoni bango: mkutano wa wakazi, karibuni nyote, kahawa ipo. Nikaingia. Kijana aliyekaa mezani akanisogezea karatasi ya mahudhurio. Ninyi mnanijua, nimelelewa Tanzania: penye karatasi ya mahudhurio pana posho. Nikaandika jina langu, la baba na la babu, namba ya simu, na sahihi ile ya benki. Kwenye safu iliyouliza kama mtu ni mwenye nyumba au mpangaji, nikaandika mpangaji. Kisha nikakaa mpaka mwisho, macho kwenye mkoba wa katibu, nikisubiri bahasha.

Bahasha haikuja. Alikuja bibi mmoja mwenye sweta ya picha ya kulungu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia kwamba kati ya watu 43 waliosaini mimi ndiye mpangaji peke yangu, na kwamba kwa miaka mingi wamekuwa na hamu ya kusikia sauti ya wapangaji. Je, ningeweza kurudi mwezi ujao?

Basi ndiyo mimi, Sauti ya Wapangaji. Posho hadi leo sijaiona.

Kinachobishaniwa ni hiki. Kwenye kona ya mtaa wetu pana uwanja wa lami uliokuwa wa kuegeshea magari ya wateja wa duka. Duka lilikufa, uwanja ukabaki. Hapana mti, hapana mtoto anayecheza. Wakati wa baridi magreda hurundika theluji hapo mpaka inakuwa kilima cheusi. Kampuni moja inataka kujenga ghorofa sita, nyumba 64 za kupanga. Kwa akili ya kwetu nilitegemea vigelegele.

Maana pa kuishi ni shida huku, msidanganywe na picha ninazotuma. Mimi nalipa dola 1,150 kwa mwezi kwa chumba kimoja ambacho nusu yake iko ardhini kama kiazi. Dirishani naona viatu vya wapita njia, na majirani nawafahamu kwa soli. Baba Mdogo, usizidishe. Najua umeshazidisha. Ndiyo, ni zaidi ya milioni mbili na laki nane, kila mwezi, na hapo sijapata hata tofali moja langu. Hakuna dalali wa kukuzungusha kutoka Lizaboni hadi Bombambili akidai hela ya kuonyesha, wala hakuna mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo na kukuuliza kama umeoa na kama mkeo ni mgomvi. Kuna kompyuta. Unalipia fomu dola 50, kompyuta inachunguza kama umewahi kukopa ukalipa. Mimi niliyelelewa na Mama, anayeona mkopo ni aibu ya ukoo, sikuwa nimekopa popote, kwa hiyo kompyuta ikasema siaminiki. Nilikataliwa mara tatu. Hizo dola 50 hazikurudi hata mara moja.

Kwa hiyo nyumba 64 kwangu ni habari njema. Lakini subirini niwaambie walichosema wenye mtaa.

Kila anayetaka kusema hupewa dakika mbili. Mbele hukaa mama mmoja mwenye kadi tatu, ya kijani, ya njano na nyekundu, kama refa wa Uwanja wa Majimaji, tofauti yake ni kwamba huyu hahongeki. Na kila anayesimama huanza hivi: "Mimi sipingi nyumba kujengwa, ila…" Niliposikia mara ya kwanza niligeuka kutazama nyuma, nikidhani yule mzee wetu wa mikutano ya Matogoro amefika kwa ndege. Maneno hayo nimeyasikia tangu utotoni chini ya mwembe wa ofisi ya mtaa: "Mwenyekiti, mimi sipingi maendeleo, ila…" Nikaanza kuchora vijiti kwenye daftari, kijiti kimoja kwa kila "ila". Mkutano wa pili ulimalizika na vijiti 31. Mtu mmoja alipiga sita ndani ya dakika zake mbili, na kadi ya njano alikuwa bado hajaonyeshwa.

Watu wa jimbo hili la Minnesota, lazima niwatetee, ni wapole mno. Hawagombi. Akichukizwa na mchoro wa jengo lako atasema, "Hili ni la tofauti kidogo," na chumba kizima kitaguna kana kwamba umetukaniwa mama. Ilinichukua miezi miwili kuelewa kwamba neno hilo ni kisu. Kwetu tungesema "mh" tukaendelea kula.

Sasa hizo "ila" zenyewe. Ya kwanza ilikuwa kivuli. Kampuni ilileta mchoro wa kivuli: jengo litalaza kivuli wapi tarehe 21 Machi, 21 Juni na 21 Desemba, saa 3 asubuhi, saa 6 mchana na saa 9 alasiri. Watu wazima wenye shahada zao walikaa saa nzima wakitazama kivuli ukutani. Mimi natoka mahali ambapo mkutano wote hubeba viti ukahama kufuata kivuli cha mwembe, na atakayebaki juani ni yule asiye na rafiki. Nilicheka, peke yangu, kwa sauti. Baadaye bibi wa kulungu akanieleza, nikaona aibu. Jiji hili liko nyuzi 45 kaskazini ya ikweta. Saa 6 mchana ya Desemba jua limeinuka kidogo tu, kama mtu anayechungulia ukutani kuona kama mwenye deni naye yupo, na jengo la mita 20 hulaza kivuli cha mita 50. Bibi hupanda nyanya ndani ya nyumba, dirishani, miche kumi na moja. Anaijua mmoja mmoja na tabia zake.

"Ila" ya pili ni magari. Baba mmoja alisema wapangaji wataegesha mbele ya nyumba yake. Barabara ni ya jiji, si yake, na nyuma ya nyumba ana banda la magari mawili. Nimeliona, kwa sababu alinialika nyama choma wakati wa kiangazi. Mama, banda lile lina joto la umeme. Gari zake zinalala mahali pazuri kuliko mimi, na hazikujaza fomu.

"Ila" ya tatu ni ndege. Hapa nitulie kidogo, kwa sababu ya mtu mwenyewe. Ni bwana mrefu, mpole, mwenye darubini shingoni hata usiku. Aliongea kuhusu ndege wanaohama kila mwaka na vioo vya maghorofa mpaka nikawaonea huruma ndege ambao sijawahi kuwaona. Mwezi wa nne wa urafiki wetu ndipo nilipogundua kwamba ana nyumba tatu za kupangisha mtaa wa pili. Nyumba 64 mpya zikifunguliwa, wapangaji wake wataanza kuuliza bei. Simsemi vibaya. Ndege anawapenda kweli. Anapenda na kodi.

Baba Mdogo atauliza: kwani serikali haipo? Ipo, na ilishasema. Kabla ya hapo karibu asilimia 70 ya ardhi ya makazi ya jiji hili iliwekewa sheria ya kiwanja kimoja, nyumba moja, familia moja. Ukijenga hapo nyumba ya kupangisha familia mbili au tatu, umevunja sheria. Hebu fikirieni hapo Songea, Mfaranyaki pakipigwa marufuku vyumba vya uani! Walimu na manesi wangelala stendi. Basi Desemba 2018 baraza la jiji likapitisha mpango walioupa jina Minneapolis 2040, kura 12 kwa 1: kiwanja chochote cha makazi kiruhusiwe hadi nyumba za familia tatu, na kandokando ya njia kuu za mabasi yapande maghorofa. Magazeti yakaandika kwamba ndilo jiji kubwa la kwanza Marekani kufanya hivyo. Mwaka 2021 wakafuta na sharti la kujenga maegesho kwa kila jengo jipya. Bustani zikajaa mabango ya kuomba mitaa isifagiliwe na tingatinga. Tingatinga lenyewe lilikuwa bado halijaonekana.

Halafu wakaenda mahakamani. Miongoni mwa walalamikaji walikuwa wapenzi wa ndege, siwatanii, na hoja yao ilikuwa kwamba jiji halikupima madhara ya mpango huo kwa mazingira. Mwaka 2022 mahakama ikausimamisha, na mambo yakayumba hadi 2024 Bunge la jimbo lilipotunga sheria ya kuunusuru. Kichekesho ni kwamba zile nyumba za familia tatu zilizoleta vita yote zimejengwa chache mno. Yaliyojengwa ni maghorofa. Taasisi ya Pew ilipiga hesabu kwamba kati ya 2017 na 2022 nyumba za jiji ziliongezeka kwa asilimia 12 na kodi ikapanda kwa asilimia 1 tu, wakati sehemu nyingine za Minnesota kodi ilipanda kwa asilimia 14. Niliisoma hesabu hiyo ndani ya kile chumba changu cha kiazi. Mwenye nyumba wangu nadhani yeye bado hajaisoma.

Kuna jambo moja ambalo halisemwi mikutanoni, nami nililijua kwa kusoma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota wamekuwa wakipekua hati za zamani za viwanja, maelfu kwa maelfu. Kuanzia 1910 hati nyingi ziliandikwa sharti kwamba kiwanja hiki kisiuzwe wala kupangishwa kwa mtu mweusi, na nyingine zilitaja Wachina, Wajapani, Waturuki, orodha ndefu. Masharti mapya ya aina hiyo yalipigwa marufuku jimboni mwaka 1953, na sheria ya nchi nzima ikaja 1968. Wangoni hatukutajwa kwa jina. Nadhani habari zetu zilikuwa hazijawafikia. Basi mtu anaposimama akasema anataka kulinda "sura ya mtaa", hana ubaya, pengine hata hajui. Mimi huwa nanyamaza, natazama mikono yangu mezani, nachora kijiti.

Siku yangu ya kusema ilifika mwezi wa tano. Nilijiandaa wiki nzima. Nilitaka kuwaambia kwamba wale wa nyumba 64 hawamo humu ukumbini, kwa sababu wenyewe bado hawajijui. Mwingine yuko Chicago anafunga mizigo, mwingine yuko tumboni. Wanaopiga kura ni wale tu ambao tayari wana pa kulala. Hoja nzuri, au sivyo? Lakini nimelelewa na wazee, na mzee wa kwetu haingii kwenye hoja bila kuizunguka. Nikaanza na salamu. Nikawaambia natoka Matogoro, kwenye milima ambako mto Ruvuma unaanzia, kijito anachokiruka mtoto, na kwamba wao nao ni watu wa chanzo, kwa sababu Mississippi inaanzia jimbo hilihilo, Ziwa Itasca, nako mtu anauvuka kwa kukanyaga mawe. Watu wakatabasamu. Nikanogewa. Nikaanza kuuteremsha Ruvuma taratibu kuelekea baharini, nikiwa na nia ya kufika kwenye wapangaji maji yakishakuwa mengi. Kadi nyekundu ikapanda, Mama. Nilikuwa hata Masasi sijafika.

Walinipigia makofi mengi. Yule bwana wa ndege akanikumbatia akanishukuru kwa kutetea mazingira. Kwenye muhtasari wa kikao, ambao ninao na nitauweka kwenye fremu, imeandikwa: "Mpangaji mmoja alieleza wasiwasi wake kuhusu mito." Kura zikapigwa, 29 wakapinga, 12 wakaunga mkono, na hata leo wapo wanaoamini mimi ni mmoja wa wale 29.

Msihuzunike. Babu, Mungu amrehemu, alikuwa akitusimulia habari za kijiji cha Litowa, jinsi wakulima mwanzoni mwa miaka ya 60 walivyoanzisha Chama cha Maendeleo Ruvuma na kuamua mambo yao wenyewe mkutanoni, mpaka Septemba 1969 TANU ilipokivunja. Alisema mikutano ile ilikuwa mirefu kwa sababu uamuzi ulikuwa wao. Hii ya kwetu huku ni mirefu vilevile, na uamuzi si wetu. Mkutano wa mtaa hutoa ushauri tu; karatasi hupelekwa mjini, na kamati ya mipango miji huamua inavyoona. Ikaona vyema kujenga. Sasa jengo liko ghorofa ya nne, na bibi wa kulungu, aliyepiga kura ya kupinga, huwapelekea mafundi biskuti kila Ijumaa. Nyanya amezihamishia dirisha la mashariki. Anasema zimekubali.

Sasa nije kwenye lile la kwenu.

Mama, umenieleza kwamba jirani wa upande wa juu, yule aliyenunua kiwanja cha marehemu, anataka kujenga hosteli ya ghorofa moja ya wanachuo wa Chuo cha Ualimu, na kwamba mwenyekiti wa mtaa ameitisha mkutano Jumamosi ya wiki ijayo, na mnataka kujua mimi kama mtoto wa kiume nasemaje. Nilipousikia ujumbe wako nilikuwa kwenye basi. Kabla halijafika kituo changu nilikuwa nimeshapata hoja tano. Kelele za wanachuo usiku. Choo chao na vyanzo vya maji vya mlima, ambavyo mji mzima unavitegemea. Vijana wa watu na mabinti wa ukoo. Madirisha ya juu kuchungulia bafu la uani. Na mandhari ya mlima, ambayo, naapa, maisha yangu yote nikiwa hapo sikuwahi kuyatazama. Nikazipanga vizuri, nikaweka na ile ya mwanzo: mimi sipingi maendeleo.

Hapo ndipo nilipoikumbuka darubini ya yule bwana.

Maana Baba Mdogo anajua, na ndiyo sababu nimeagiza yeye asome, kwamba nina vyumba vyangu vinne vya kupangisha hapo nyuma ya nyumba ya Mama, vimefika kwenye lenta vikasimama, fedha ya bati niliituma na bati sijaliona. Vyumba hivyo nilikuwa nimevikusudia kwa wanachuo haohao. Jirani akimaliza hosteli yake, yenye vigae na maji ndani, ni mwanachuo gani atakuja kupanga kwangu chini ya anga?

Kwa hiyo hoja zangu tano nimezichana. Jumamosi mkae kimya, au mseme sawa. Ila niliona si vibaya kufanya kazi ndogo ya kitaalamu, nikachukua karatasi ya ajenda nikachora kivuli. Ghorofa moja tuseme ni mita 7, na kiwanja chake kiko kaskazini yetu. Desemba jua la hapo nyumbani linapita kusini, kwa hiyo kivuli kinamwangukia mwenyewe, hilo halituhusu. Juni ndiyo penye kesi. Tarehe 21 Juni, saa 3 asubuhi, kivuli ni kirefu na kinalalia magharibi, kwa Shangazi, ambaye saa hizo yuko sokoni. Saa 6 mchana kinaingia uani kwetu, karibu mita tano kutoka kwenye ukuta wake. Na mwezi wa sita ndio Mama unaanika mahindi.

Basi Mama, turubai la mahindi lihame hatua saba kuja upande wa mgomba. Nimepima mara mbili, halitaguswa na kivuli hata kidogo.

Mengine hayana uzito. Nisalimieni wote. Baba Mdogo, tuma picha ya bati. Na mkifika mkutanoni, mimi sipingi, ila mumuulize huyo jirani bodaboda za hao wanachuo zitaegeshwa wapi.

Mtoto wenu,
wa huku kwenye baridi